Bunduki ya Vanishi ya Kija

Wadudu arobaini na wawili. Mteja aliwahesabu mwenyewe, kidole kinatembea juu ya mlango wa kabati, midomo inacheza, na hakuruka hata mmoja. Walikuwa wale wadudu wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama moshi, wakichoka kuzunguka taa wanatafuta pa kufia. Safari hii walikuta vanishi mbichi.

"Hawa ni wangu au ni wako, mzee?" mteja akauliza.

Mzee Malimi, mwenye karakana ya samani pale Igogo, aliinama akawaangalia. "Ni wa ziwa," akasema.

Mteja aliondoka bila kabati. Malimi akamgeukia Kija, maana Kija ndiye aliyeshika brashi.

Kija alikuwa na miaka ishirini na nne wakati huo, mwaka tisini na tano. Alizaliwa Kwimba, akasoma mpaka darasa la nne, akaishia hapo kwa sababu alitupa rula ya mwalimu chooni. Mwalimu alipouliza rula iko wapi, Kija alimwambia iko wapi. Baba yake hakumpiga. Alimfunga mgongoni bomba la kunyunyizia dawa ya pamba, kwa kuwa kaka zake walikuwa na ng'ombe, akamwambia tembea. Alitembea misimu mitano. Kisha shangazi yake wa Igogo akamwita mjini, akampeleka kwa Malimi kupiga msasa.

Msasa alipiga miaka miwili. Kazi ya msasa ni kula vumbi asubuhi mpaka jioni ili mtu mwingine aje apake vanishi asifiwe yeye. Fundi rangi alipokimbilia Geita kutafuta dhahabu, Kija aliikamata brashi yake kabla haijakauka. Hakuna aliyempa, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

"Kuna kijana Kirumba anaitwa Zadok," Malimi akasema siku ile ya wadudu. "Ana mashine ya kupuliza, imetoka Nairobi. Vanishi inakauka hata mdudu hajajua. Watu wanataka mlango kama kioo siku hizi. Nitamleta awe fundi rangi wa hapa. Wewe utarudi kwenye msasa."

"Sirudi."

"Sijakuuliza."

"Mzee, nipe mwezi mmoja. Nitatengeneza ya kwangu."

"Ya kwako ipi?"

"Mashine."

Malimi alimtazama. Alikuwa mzee wa maneno machache, na mengi ya hayo machache alikuwa ameshayatumia asubuhi ile. "Mwezi mmoja," akasema. "Ikishindikana, msasa, na sitaki kelele."

Kija alianza na anachokijua. Aliazima bomba la pamba, akalijaza vanishi, akapampu, akaelekeza kwenye ubao. Vanishi ilitoka kama ng'ombe anakojoa. Baada ya robo saa thina, ile ya kuzimulia vanishi, ikala mpira wa ndani na bomba likafa. Luhaga, fundi seremala wa pale, aliyekuwa anapiga randa pembeni, akauliza kama ubao ule sasa hautashikwa na funza wa pamba.

"Endelea na randa yako," Kija akasema.

"Naendelea. Naulizia tu afya ya ubao."

Kesho yake alikwenda Kirumba akasimama mbele ya karakana ya Zadok kama mtu anayesubiri mtu. Zadok alikuwa mtu wa Musoma, mrefu, amevaa ovaroli yenye zipu, na alipomwona anaangalia sana akaifunika bunduki yake kwa kitambaa.

"Dada, hii ni teknolojia," akasema.

"Hilo ni kopo na mpira," Kija akasema, akaondoka. Alikuwa ameshaona. Bomba la pamba linasukuma dawa. Bunduki ya Zadok haisukumi kitu: upepo unapita kwa kasi juu ya mdomo wa kamrija, na ile kasi ndiyo inaivuta vanishi ipande kutoka kopo la chini, halafu upepo huohuo unaipasua kuwa ukungu. Kwa hiyo kitu cha kutafuta ni upepo.

Upepo aliupata kwa Oyoo, fundi friji wa Kirumba hukohuko. Tangu soko huria lifunguliwe friji za mitumba zilikuwa zinaingia Mwanza kwa marobota kama suruali, nusu yake zimekufa njiani, na Oyoo alikuwa na kompresa zimelundikana nyuma ya duka kama viazi. Alimpa moja, akamwonyesha bomba la kuvuta na bomba la kutoa. "Lakini ujue, hii imezoea kuzungusha gesi yake yenyewe ndani," akamwambia. "Ukiiacha wazi ivute hewa ya nje, itakuwa inatapika oili kidogo kidogo. Oili ikipungua, ongeza. Oili ya friji. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Tangi lilitoka kwenye lori bovu, lile la kuwekea upepo wa breki. Geji ilitoka kwa mziba pancha. Kilichomtesa ni mdomo wa bunduki. Alichukua nozeli ya stovu ya mafuta ya taa, tundu likawa dogo, vanishi ikatoka nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Akatoboa la pili kubwa zaidi, vanishi ikachuruzika mlango mzima kama unalia. Siku ya tisa aliipiga kompresa teke, akachechemea siku ya kumi na ya kumi na moja.

Vanishi ni ghali, kwa hiyo akaanza kujaribu kwa chai ya rangi. Alitundika gazeti ukutani, akapuliza, akaangalia madoa. Madoa makubwa katikati na madogo pembeni, maana yake tundu la upepo liko mbali na la chai. Akasogeza. Madoa upande mmoja, limekaa kombo. Akanyoosha. Ulikuwa wakati wa kampeni, magazeti yamejaa sura za wagombea, na Kija alijua kazi imekaa sawa siku chai ilipowafunika wote kwa kiasi kilekile, chama tawala na wapinzani, bila upendeleo.

Malimi alikuja akalishika lile gazeti, akalinusa. "Chai?"

"Chai."

"Weka vanishi sasa."

Alipuliza vigoda vinne. Vilikauka kabla ya chakula cha mchana, na mkono ulipita juu yake bila kukwama popote. Malimi alikalia kimoja wiki nzima, ndiyo ilikuwa sifa yake. Kisha akampa kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa shokesi la Mama Gladness wa Pasiansi, la mninga, milango minne na sehemu ya vioo kwa ajili ya vyombo. Mama Gladness alikuwa anamuaga binti yake Jumamosi ile, na shokesi lingesimama mbele ya wageni wote, ndugu wa bwana harusi wakiwa wamekaa wanalitazama, maana siku ya kumuaga binti watu hawana kingine cha kufanya ila kutazama alichopewa. Akasema anataka aone sura yake kwenye mlango. Akasema kama hataiona, shokesi libaki, na yeye ataeleza mtaa mzima lilibaki kwa nani.

"Hili ndilo la mwisho kujaribu," Malimi akamwambia Kija. "Likitoka, rangi ya hapa ni yako. Likiharibika, Zadok."

Jumamosi ya wiki iliyotangulia, kompresa ilianza kulia kikavu. Kija akakumbuka oili. Oili ya friji ilikuwa Kirumba kwa Oyoo, na Oyoo alikuwa amekwenda msibani kwao Shirati. Jikoni kwa shangazi kulikuwa na chupa ya mafuta ya sangara, yale ya kukaangia, ambayo Igogo nzima ilikuwa inakaangia. Aliishika chupa akaiangalia kwenye jua. Yalikuwa ya njano, safi, yanateleza kati ya vidole kuliko oili yoyote aliyowahi kuishika. Mafuta ni mafuta. Akamimina. Kompresa ikanyamaza, ikaanza kunguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Jumatatu akapuliza shokesi. Lilitoka zuri. Jumanne asubuhi alikuta milango yote minne ina vishimo vidogovidogo, mamia, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Mbele ya shokesi walikuwa wamekaa paka watatu. Hawakufanya vurugu yoyote. Walikaa tu, kama wageni waliowahi kabla ya mwenyeji kuamka.

Kija aliwafukuza, akanusa mlango. Samaki. Lakini Igogo yote inanuka samaki, hewa inanuka, maji yananuka, na mtu wa Igogo akisema hapa pananuka samaki anaulizwa ametoka wapi. Kwa hiyo hakuwaza mashine. Aliwaza mtu.

"Luhaga. Jana mchana ulikula nini?"

"Sangara."

"Ukanawa?"

"Nikapangusa."

"Ukapangusia wapi?"

"Kwenye suruali. Kija, umekuwa mke wangu lini?"

Kilichofuata ni kipande cha mbao kuruka. Luhaga alikikwepa, maana alikuwa amekwishazoea. Kija akasema mikono yake michafu ndiyo imeharibu mninga, kwamba vanishi haiwezi kushika kwenye mafuta, na hilo la mwisho lilikuwa kweli kabisa. Akasema kuanzia leo hakuna samaki humu ndani, si wa kukaanga, si wa kuchemsha, si dagaa. Malimi alitoka nje kusikia kelele, akaangalia vishimo, akakubali. Mama aliyekuwa anawaletea chakula akaambiwa alete maharage.

Kija akaivua vanishi yote kwa thina na kisu, akapiga msasa upya, mikono inatoka damu, akapuliza tena jioni. Jumatano asubuhi vishimo vilikuwa vikubwa zaidi na paka walikuwa watano.

"Labda maharage nayo hayafai," Luhaga akasema. "Tujaribu kutokula kabisa."

Malimi alisimama mbele ya shokesi muda mrefu. "Nimemwita Zadok," akasema. "Atakuja Jumamosi saa moja asubuhi na mashine yake. Akipuliza saa moja, saa sita limekauka, saa nane lipo Pasiansi."

"Leo ni Jumatano, mzee."

"Najua leo ni lini."

Kija alivua vanishi mara ya pili. Alipiga msasa mpaka Alhamisi asubuhi, na kila alipokuwa anasugua alikuwa anajiona anasugua hivyo mpaka anazeeka, Zadok amesimama nyuma yake na ovaroli yake ya zipu anasema bado, bado, sugua hapo. Saa tatu alisimama kupumzika. Mikono ilikuwa myeupe kwa vumbi, akawasha mashine, akajipuliza upepo mtupu kwenye mkono wa kushoto vumbi litoke. Akaketi, mkono ukining'inia.

Paka mmoja akaja akaulamba.

Kija aliutazama ule mkono. Tangu asubuhi ulikuwa haujashika kitu isipokuwa msasa. Paka akaendelea kulamba, kwa utaratibu, kidole kimoja kimoja. Kija akainuka, akachukua kipande cha kioo alichokuwa anajiangalizia kichwa, akakisafisha, akakipuliza upepo mtupu kwa dakika moja, kisha akakipeleka juani. Kilikuwa na utando. Akaupitisha kidole, akaonja.

Alikaa chini sakafuni. Alikaa pale kiasi kwamba Luhaga akaacha randa.

"Unaumwa?"

"Luhaga," akasema. "Hakuwa samaki wako."

"Sikusikia."

"Umesikia."

"Nimesikia, lakini sauti ni ndogo kuliko ile ya Jumanne. Ile ya Jumanne walisikia mpaka mwaloni kwa wavuvi."

Kija alitaka kutafuta kipande kingine cha mbao. Badala yake akainuka, akaenda kwa Malimi, akasema akiwa amesimama wima kama yuko mbele ya polisi: "Shikamoo mzee. Ni mashine. Niliiweka mafuta ya sangara. Yanatoka na upepo, yanaingia kwenye vanishi. Ni mimi."

"Marahaba," Malimi akasema. "Yale ya kukaangia?"

"Ndiyo."

"Wewe ndiye uliyetukataza samaki."

"Ndiyo."

"Nina miaka sitini na moja. Nimekula maharage siku mbili. Usiku silali, tumbo linaongea." Kija akaona neno msasa linakuja. "Zadok nimeshamwita, simkatazi. Atakuja Jumamosi saa moja. Mpaka hapo shokesi lipo, na wewe upo. Utakachofanya sijui."

Alichofanya ni kwenda Kirumba kwa mguu na kompresa kichwani. Oyoo alikuwa amerudi kutoka Shirati. Aliifungua, akainusa, akauliza polepole, "Dada, uliweka oili gani?" Alipoambiwa, alicheka mpaka akatafuta kiti, akakikosa, akakaa juu ya friji. Akamwita jirani aje asikie. Kija alisimama akavumilia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hakulipenda.

"Hii imekwisha, hayo mafuta hayatoki humo tena," Oyoo akasema akijifuta machozi. "Nakupa nyingine, na oili yake. Lakini na mimi nina friji sita, zimeota kutu milango. Nikizipaka kwa brashi zinaonekana kama banda la kuku, hakuna anayenunua. Utanipulizia nyeupe, zote sita."

"Nitapuliza."

"Na hiyo oili halali nayo itatoka na upepo, usidhani umepona. Itatoka kidogo, lakini itatoka. Na maji pia. Hewa ya hapa ziwani imejaa maji, ukiibana inayatema. Weka kitu cha kuizuia katikati."

Hilo la kitu cha katikati alitembea nalo njia nzima kurudi Igogo. Alichukua mtungi wa kuzimia moto, mtupu, uliokuwa unazuia mlango wa karakana usifunge. Akatoboa upande, karibu na kitako, upepo uingie kwa chini utoke kwa juu, akaweka koki chini kabisa ya kutolea uchafu. Katikati palihitaji kitu cha kunyonya. Akaenda kwa shangazi, akachana mto wake mwenyewe wa kulalia, akatoa sufi yote, akaishindilia kwenye mtungi mpaka kidole kikagoma kuingia. Shangazi akauliza atalalia nini. Kija akasema, "Silali."

Tangi na mpira aliviosha kwa petroli, akaviosha tena, akavianika. Kioo kile kile akakipuliza dakika moja, kisha mbili, kisha tano. Akakipeleka juani. Kikavu. Akakiweka chini mbele ya paka. Paka akakinusa, akaondoka zake.

Ijumaa saa nne alimwaga maji sakafuni vumbi lilale, akatundika mashuka ya shangazi madirishani wadudu wasipite, akawaambia wote watoke nje. Luhaga alitoka na kiti chake. Kija akashika bunduki. Aliisogeza shibiri moja kutoka kwenye mlango wa shokesi, akaanza kutembea kabla hajabonyeza, kama kwenye mistari ya pamba: ukisimama unaunguza, ukikimbia unaruka, na mkono haupindi kama mtu anayepunga, mwili wote unakwenda na mkono. Mstari wa kwanza. Wa pili ukapanda nusu ya wa kwanza. Hakufikiria kitu. Tabaka la kwanza lilikuwa jembamba kiasi kwamba mninga ulionekana umelowa tu. Akasubiri, akapitisha msasa laini, akatoa maji ya mtungi, akapuliza la pili. Saa kumi akapuliza la tatu. Saa kumi na moja alifunga mlango, akakaa nje mbele yake mpaka giza likaingia, na kila aliyekuja kuchungulia alimwambia neno moja, na halikuwa "karibu".

Jumamosi saa moja Zadok alifika na mashine yake juu ya mkokoteni, amevaa ovaroli imepigwa pasi. Mama Gladness alifika dakika hiyohiyo na pikapu, kwa sababu hakuwa mtu wa kusubiri kuambiwa saa nane. Malimi akafungua mlango.

Mama Gladness hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye shokesi, akainama, akajitazama kwenye mlango wa kwanza. Akajitazama kwenye wa pili. Kwenye wa tatu alinyoosha mkono, akaweka kilemba sawa, akageuza shingo kuangalia upande wa pili kimekaaje. Mlango wa nne hakuuangalia.

"Pakieni," akasema.

Luhaga na dereva wakalibeba. Zadok alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. "Mzee," akamwambia Malimi, "sasa mimi nimekuja kufanya nini?"

"Ulikuwa uje kupuliza hilo."

"Limeshapulizwa."

"Naliona."

"Kapuliza nani?"

Malimi alionyesha kwa kidevu. Zadok alimtazama Kija, mwenye macho mekundu na nywele zimejaa sufi, kisha akalitazama tangi la lori, mtungi wa kuzimia moto, kopo la uchafu lililoning'inia kwenye koki. Alizunguka mara moja. Aliinama kwenye ule mtungi, akataka kuugusa.

"Toa mkono," Kija akasema.

Zadok akatoa mkono. Akageuza mkokoteni wake.

Malimi alisubiri mpaka kelele za magurudumu zikaishia barabarani. "Kuna vitanda vinne vya Pasiansi," akasema. "Mama Gladness kanitajia wateja akiwa mlangoni. Vinatakiwa Jumanne. Na hiyo mashine isiguswe na mtu mwingine humu ndani."

"Hata wewe, mzee?"

Malimi alilifikiria jambo hilo kwa uzito wake.

"Hata mimi."

Kija alifungua koki ya mtungi. Yakatoka maji kidogo, meusi, na tone la oili. Akayapangusa, akafunga, akaenda kulala kwenye mbao za Luhaga.